Joto Chini ya Mkeka

Bi Moshi alivua kandambili, akasimama kwa mguu mmoja kama kuku aliyenyeshewa. Wayo wake ulikuwa umemwambia jambo. Udongo kati ya kisiki alichokuwa akikichoma na nyumba ulikuwa wa moto, na jua lenyewe lilikuwa ndio kwanza linapiga miayo.

"Wifi," aliita, "nani amezima kisiki changu?"

Wifi yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, hakuinua macho. "Mimi. Nimemwaga ndoo ya maji, nikafukia. Wateja wanalalamika nguo zao zinanuka. Wewe kunuka moshi ni jina lako, wao je?"

Bi Moshi hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata msibani. Tangu afiwe na mumewe alikula kwa kuchoma visiki: hutoboa tundu katikati, akatia makaa, akakiacha kisiki kijile chenyewe polepole, kikipumua kwa juu. Ukikiziba pumzi, moto haufi. Huinama ukatafuta mlango mwingine. Na kisiki hiki kilikuwa na mzizi mnene kama paja, mchwa wameula ndani ukawa bomba.

Akalifuata joto kwa nyayo. Lilimpeleka hadi ukutani. Aliingia ndani bila hodi.

Mama mkwe, ambaye miguu ilimgomea zamani, alikuwa amelala mkekani karibu na nguzo ya kona, anatabasamu peke yake.

"Mkwe wangu, leo sakafu tamu. Tangu baba yenu afe, mgongo huu haujapashwa hivi."

Bi Moshi akapiga magoti, akagusa nguzo pale ilipoingia sakafuni. Vidole vikaruka vyenyewe. Nguzo ilikuwa ya mti, na juu yake paa la nyasi kavu.

"Wifi, lete mtaimbo. Tunavunja sakafu."

Cherehani ikanyamaza.

"Sakafu ipi? Hii? Saruji hii nimeishonea mpaka macho yameingia ukungu. Tangu kaka yangu akuoe unatafuta cha kunivunjia, leo umepata kisingizio."

"Weka mkono hapa."

"Siweki."

"Basi tumtoe mama kwanza, tutagombana nje."

"Mimi sitoki," mama mkwe alisema. "Nje kuna baridi."

Hapo ndipo moshi ulipochungulia chini ya nguzo, mwembamba, mweupe, umenyooka. Fundi aliutazama kama anavyotazama uzi uliofumuka kwenye nguo ya mteja. Alishika ncha moja ya mkeka, Bi Moshi akashika ya pili, wakamburuta mama hadi uani huku akilalamika kwamba hata siku ya harusi yake hakubebwa kwa pupa namna hiyo.

Fundi alirudi na mtaimbo. Bi Moshi alinyoosha mkono, lakini mwenzake hakuuachia. Aliuinua mwenyewe, akafumba macho, akapiga saruji yake.

Sakafu ilipofunguka, mzizi ulionekana mwekundu kama koo. Bi Moshi aliukata kwa shoka mbele ya moto, hapo kabla ya nguzo, jasho likimtia upofu. Fundi aliimwagia nguzo maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka ikaacha kufuka moshi.

Kipande cha mzizi kilichokuwa kikiwaka walikivuta nje kwa jembe. Bi Moshi alikisimamisha uani, akakipasua kichwa kwa mapigo mawili yaliyokatizana, na moto ukasimama ndani yake kama mwenge.

"Nisogezeni basi," mama mkwe alisema. "Mgongo ulikuwa haujamaliza."

Fundi aliteleka birika juu ya mwenge ule bila kuomba ruhusa. Kikombe cha kwanza cha chai alimpa Bi Moshi.

"Kunywa, wifi. Sakafu nitakugombeza kesho."

Bi Moshi alikunywa huku akiizunguka nyumba peku, taratibu. Chini ya dirisha la cherehani alisita. Aliinua mguu mmoja, akausikiliza ule mwingine.

Uani, birika lilibaki hewani mkononi mwa fundi.