Mukandori na Upindo wa Gauni

Masera Léontine, mtawa aliyekuwa mkubwa wa shule ya misheni kule vilima vya Nyabiondo, hakupaza sauti alipotoa onyo, na hilo ndilo lililomtia Euphrasie baridi.

"Mukandori akiuma mwenzake tena, atarudi kwao. Na wewe mwalimu, ile fimbo niliyokupa iko wapi?"

Ilikuwa kabatini. Huo ulikuwa mwaka wa 1955, mwaka wa kwanza wa Euphrasie kufundisha. Fimbo aliitumia mara moja tu kwa Mukandori, mtoto wa miaka saba, na mchana uleule mtoto akauma mwingine, vibaya zaidi.

Tangu hapo Euphrasie aliacha kumvizia akosee, akaanza kumtazama kabla hajakosea. Wazazi wa Mukandori waliletwa na malori ya serikali kutoka Rwanda kuja kulima, na Kiswahili kilikuwa bado kinamshinda. Akisema "kurara" badala ya "kulala", darasa zima huangua kicheko. Victorine, binti wa katekista, huendelea kulirudia neno hilo chini chini hadi mwenzake ashindwe kuvumilia. Hapo ndipo meno hutumika.

Euphrasie akamwita kando. "Mutoto wangu, hasira ikikushika, usiume. Kuja kwangu, shika nguo yangu. Hata niko nafanya nini, nitaacha."

"Hata Masera akiwa hapa?"

"Hata Masera akiwa hapa."

Ilimtoka tu. Usiku usingizi ulimpaa akiiwazia ahadi hiyo.

Mtoto alianza kuja. Alishika upindo wa gauni, akahema kama aliyepanda mlima, na kila mara Euphrasie aliinama akamwambia, "Umefanya vizuri. Umekuja mwenyewe." Siku moja alichelewa, kidole cha jirani yake kikaponea chupuchupu.

Kisha asubuhi moja Masera akaingia bila kubisha, akaketi nyuma kusikiliza somo. Chaki ikamkatikia Euphrasie mkononi. Akamsimamisha Mukandori asome, akaomba Mungu neno lile lisiwemo. Lilikuwemo. Akageukia ubao kuandika, na nyuma yake akasikia sauti ya Victorine, polepole, "Kurara, kurara."

Benchi likakwaruza sakafu. Hakuthubutu kugeuka. Alingoja kilio.

Gauni lake likavutwa.

"Nini hii?" Masera akasimama. "Rudi mahali pako!"

Mukandori hakuachia. Euphrasie aliweka chaki chini, akapiga magoti mbele ya darasa lote.

"Umefanya vizuri sana," alisema. Ndipo akainuka. "Masera, munisamehe. Ndio vile tulipatana na yeye: asiume, aje kwangu. Amekuja. Na wewe, Victorine, neno lile nisilisikie tena humu."

Victorine akainamisha kichwa. Masera alipita kati ya mabenchi, akikagua mikono ya watoto mmoja mmoja. Hapakuwa na alama.

"Tutaona mpaka Noeli," alisema mlangoni. "Mutoto, na wewe mwalimu pia."

Wakati wa mapumziko kelele kali ilipasuka uani. Euphrasie alitoka mbio. Ulikuwa mchezo wa kukimbizana: Victorine mbele, Mukandori nyuma yake, wote wakicheka. Hata hivyo, alibaki amesimama pale akiwatazama mpaka kengele ikalia.