Kizazi cha Damari na Mbio za Mzee Mazengo

Miaka ile ya ruksa ya kila biashara, hospitali za watu binafsi zilipochipuka Singida kama uyoga, Damari wa Kinyangiri alikuwa akitokwa damu kila mwezi mpaka ng'ombe wakamwonea huruma. Hakuwa amezaa bado. Siku hiyo alilala chali, Daktari Urbano akimtelezeshea kipimo tumboni, macho kwenye skrini.

"Uvimbe," akasema Urbano. "Kizazi kitoke."

"Hakitoki."

"Ataamua mwenye wewe."

Mwenyewe, Mzee Mazengo, baba mkwe, alikuwa koridoni ameupa mlango mgongo. "Toeni!" akaunguruma. "Kijana wangu ataoa mwingine!"

Kwao mkwe haoni tumbo la mkamwana; akiliona, kondoo achinjwe, na aibu hubaki.

"Baba, shikamoo! Ingia uone unachoruhusu kikatwe." Akausukuma mlango kwa mguu, khanga akaitupa pembeni.

Mzee akageuka bila kufikiri. Akaona kitovu. Nusu ya kitovu! Mbio alizotoka nazo, wenye kuapa huapa kwamba alilipita basi la Iguguno, na kondakta akamdai nauli.

"Sasa umebaki na mimi," Damari akamwambia daktari. "Huo uvimbe unaanzia wapi, unaishia wapi?"

"Mama, picha hii si ya wagonjwa..."

"Tumbo la nani?"

Urbano akakishika tena kipimo. Akautafuta ukingo wa uvimbe juu, chini, ubavuni. Ukingo haukuwepo. Ukuta wa nyuma wa kizazi ulikuwa umenenepa kama mkate uliozidi hamira, wenye vitobo vidogo vyeusi.

"Si uvimbe," akasema polepole. "Utando wa ndani umejipenyeza kwenye nyama ya ukuta. Nadhani ni adenomiosisi. Hospitali kubwa ya Moshi wana mrija wenye kamera, wachungulie ndani kabla ya mtu kushika kisu. Dawa za kupunguza damu zipo."

"Na kuzaa?"

"Siahidi. Ila mlango haujafungwa."

Damari akajifunga khanga, akatoka. Mzee alikuwa ng'ambo ya barabara, anahema, kaficha uso kwa kofia.

"Wamekitoa?"

"Kimo, baba. Tafuta lori la Moshi. Wewe utakaa mbele na dereva. Mimi na kizazi changu tutapanda juu ya magunia ya alizeti."

"Na nikikataa?"

Damari akashika ncha ya khanga.

Mzee akalipungia mkono lori la kwanza.