Shaba Hurudi Ukutani

Hata usingizini Mwanasaumu alikuwa akiiona ile neli: kipande kifupi cha shaba kilichotobolewa katikati, tundu lake halipitishi kidole. Aliingia ndani akawa mdogo kuliko vumbi. Gesi ya neoni ilimzunguka, umeme ukapita, gesi ikawaka, ikawa ile hali waiitayo plazma. Chembe za neoni zilivutwa ukutani, zikaudonoa kama kuku wadonoavyo mtama, na kila mdonoo ulirusha shaba hewani. Shaba hiyo ndiyo ingezaa nuru ya leza. Kisha kuta zikawa nyembamba, nyembamba zaidi, zikatoboka, naye akaamka.

Hesabu yake nayo ilisema vivyo hivyo. Mwaka ule wa 1993, katika maabara ya chuo pale Changamwe, kazi yake ilikuwa kuiga kwa kompyuta yote yatakayotokea ndani ya neli kabla haijawashwa, maana neli ilikuwa hiyo moja tu. Kila alipoongeza umeme wa kutosha kuzaa nuru, kompyuta ilijibu kuwa ukuta utaliwa kwanza hadi utoboke.

"Mimi siwashi kitu ambacho hesabu yako mwenyewe inasema kitakufa," Bwana Gershom, mkuu wa maabara, alimwambia. "Ijumaa jibu likiwa hilo, neli inaenda kuchongwa bushi, zile pete za pampu."

"Bushi, Bwana Gershom?"

"Bushi. Pampu angalau inatoa maji."

Alirudi kwao Junda kichwa kizito. Binamu yake Mwanatatu alikuwa karibu kuolewa, na nguo za arusi zilikuwa zimetandazwa ukumbini zikingoja kufukizwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," Bi Dhahabu aliitikia. "Umekuja na akili zako au umeziacha Changamwe?"

"Nimeziacha."

"Mikono yatosha. Keti unifukizie leso hizi."

Chetezo chenye makaa kiliwekwa chini, tenga likafunikwa juu yake, leso zikatandikwa juu ya tenga. Mwanasaumu alitia udi, lakini hakutulia. Kila mara aliinua pindo akachungulia. Moshi ulimpita usoni, ukapaa, ukapotea darini.

"Wafunua nini wee? Udi wangu wawafukizia popo?"

"Naangalia kama umeshika moto."

"Funika. Bibi arusi atanuka makaa, mumewe adhani ameoa muuza mahamri."

Akafunika. Jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni, na harufu ikamlegeza macho. Akauona moshi kwa mawazo, humo ndani ya tenga: wapanda, wagonga leso, wageuka, watangatanga, wagonga leso tena na kutua papo hapo. Bila kujua ni lini amevuka, akajikuta tena ndani ya neli. Shaba iliruka kutoka ukutani, ikagongana na neoni, ikapotea njia, ikaelea, ikaufikia ukuta. Halafu?

Katika hesabu yake, halafu haikuwapo. Kila chembe iliyotoka aliihesabu imepotea. Neli nzima alikuwa ameiandika kama tenga lililofunuliwa.

"Nimemwacha atoke, asirudi," alisema polepole.

Bi Dhahabu aliacha kukunja leso. "Nani huyo?"

"Shaba."

"Shaba ndiye nani? Mtoto wa nani?"

Ijumaa Bwana Gershom alisoma jibu jipya akiwa amesimama. Shaba nyingi hurudi ukutani. Ukuta hupungua kidogo kidogo tu, hasa kwenye midomo ya neli, ambako shaba huponyoka nje.

"Na ukiwa umekosea?"

"Basi hata bushi huzipati."

Bwana Gershom akabonyeza swichi. Tundu likajaa rangi ya chungwa. Umeme ukaongezwa, na kijani cha shaba kikapenya taratibu, kama rangi ndani ya maji. Leza yenyewe ilikuwa ya nuru isiyoonekana kwa jicho. Dalili yake ingekuwa mshale wa kipimo upande wa pili, na mshale ulikuwa umelala. Bwana Gershom akaongeza tena. Ukuta ukavumilia. Mshale ukatetemeka, ukainuka.

Alikinga kadi mbele ya neli, kuizuia nuru isifike kwenye kipimo. Mshale ukalala. Akavuta pumzi, akageuka kwa hofu.

"Kuna kitu kinaungua humu?"

"Udi," Mwanasaumu alisema, akiinusa mikono ya nguo yake. "Ni mimi."

Bwana Gershom akaondoa kadi, mshale ukainuka tena.