Aliyekaa Kwenye Kisigino

Kwa mbio, kinyozi hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Ndivyo alivyowaambia wateja huku akiwainamisha, na kichwa kilicho chini ya mashine hakibishi. Walimwita Risasi. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Risasi alikuwa amelala kifudifudi kwenye meza ya upasuaji, kano ya kisigino cha kulia imekatika vipande viwili. Mkewe walimzika Jumatano. Kaburini Risasi alisimama kwa magongo, na kila aliyempa pole alimweleza: mke alizidiwa ghafla, yeye akatoka mbio kutafuta gari, kisigino kikakatika njiani. Watu wakalia mara mbili. Binti yao wa miaka kumi na minne alisimama kando, amekumbatia mkoba wa mama yake. Risasi alipaza sauti kidogo ili naye asikie. Duniani alibakiwa na huyo tu.

Daktari alikuwa mama mfupi, mcheshi.

"Sikupasui kama samaki," alisema. "Matundu sita tu, madogo kama punje za mchele. Uzi unapita chini ya ngozi, ncha zinavutwa zikutane. Sioni kitu humo, naenda kwa kidole."

Ganzi ilikuwa ya mguu peke yake, kwa hiyo Risasi alisikia kila neno. Daktari alipapasa pale kano ilipoachana, akarudisha kidole palepale.

"Sista, humu kuna mtu."

Nesi akainama, akatazama. "Mwanamke," alisema, akaandika kwenye fomu.

"Samahani, dada," daktari alisema. "Tunaomba usogee kidogo, tukutanishe hizi ncha."

"Nisogee niende wapi?" Ilikuwa sauti ya mkewe, ileile ya kuulizia chumvi. "Mwulizeni kwanza alikuwa anakimbilia wapi."

"Gari, mke wangu," Risasi aliuambia mto. "Nilikuwa natafuta gari."

Mkewe akaguna. "Haya, shona tu, daktari. Kumsubiri huyu nimezoea."

Daktari akamshonea mlemle. Aliulinganisha mvuto wa uzi na mguu wa kushoto ulio mzima, akafunga fundo, akamvalisha Risasi buti lenye kabari tatu chini ya kisigino. Kila wiki mbili mgonjwa hutolewa kabari moja, hadi kisigino kikae chini.

Risasi aliongezewa.

"Uzi hauwezi kujifupisha wenyewe," daktari alimwambia kliniki. "Umekuwa ukisema nini huko?"

"Nazungumza na wateja tu, daktari. Wananipa pole."

"Wape pole wao," alisema, akachomeka kabari ya nne.

Jioni, binti alipokuwa akimfungulia baba yake buti, mama, humo kisiginoni, aliulizia shule, akaulizia sare kama imefuliwa. Binti alijibu. Risasi hakuulizwa kitu.

Wiki ya nane kinyozi alirudi kazini na kabari tano, mguu wa kulia umesimama kwa vidole kama anayechungulia ukutani. Mteja mmoja, mnene wa shingo, akauliza imekuwaje.

"Wewe bwana, nilikimbia siku hiyo!" Risasi alisema. "Mke wangu kitandani, mimi barabarani, natafuta gari. Upepo wenyewe ulinipisha. Kingekuwa kisigino cha chuma, leo yupo."

Uzi ukavuta. Akashika kiti.

Binti alikuwa kwenye benchi la wateja, daftari la hesabu mapajani.

"Baba," alisema bila kuinua uso, "simu ya mama nilikuwa nayo mimi."

Mashine ikabaki hewani, inanguruma.

"Nilipiga mara kumi na moja. Ya mwisho alipokea golikipa wa timu yenu. Akaniambia, subiri mwanangu, baba yako anapiga penalti." Akafuta jibu moja kwa kifutio, akapuliza vumbi lake. "Nikasubiri. Nikasikia mlio, paa!, kama kamba ya kuanikia nguo inapokatika. Halafu watu wakacheka, wakasema Risasi kaanguka. Nikageuka kumwambia mama, nikakuta ameshaenda."

Ndani ya buti sauti ikauliza:

"Hesabu umemaliza?"

"Bado mbili, mama."

Kinyozi alikuwa bado amesimama kwa vidole. Kwenye kioo aliyaona macho ya mteja yakimtazama, na mteja naye akaona kwamba ameonekana. Akainamisha kichwa mwenyewe, bila kinyozi kumgusa.