Alhamisi Kwa Mageni

Mama mkwe wangu, Generosa, alihamia kwetu mtaa wa Ngokolo mwaka 1973, miezi minne baada ya kumzika mumewe huko Geita. Baba mkwe, Stanslaus, alikuwa ametumikia mgodi wa dhahabu tangu ujana wake, na ulipofungwa akabaki palepale akilima mihogo kwa sababu, alisema, hajui pengine pa kwenda. Mume wangu Thobias alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga. Alimleta mama yake kwa basi, akiwa na sanduku moja la bati, mkeka, na kinu alichokataa kukiacha.

Nilimpokea kwa heshima yote niliyofundishwa kwetu. Sikumwacha ashike ufagio. Akiinuka kwenda jikoni, nilimwahi. Akitaka kufua, nilimpokonya beseni nikamwambia apumzike, siku zake za kazi zimekwisha. Nilidhani namuenzi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba nilikuwa nimemfunga kwenye kiti. Alikaa barazani tangu asubuhi akitazama wapita njia, na jioni Thobias akimwuliza amekula nini mchana, alikuwa hakumbuki.

Aliyemtoa kwenye kile kiti alikuwa Khairunisa, mjane wa Mohsin mwenye duka la vitambaa. Sisi tulimwita Mama Liaquat, kwa jina la mwanawe mkubwa aliyekuwa akiliendesha duka. Mama mkwe alikwenda pale kununua sindano, akamkuta mwenzake ameketi nyuma ya kaunta, mikono mapajani, wakwe zake wakimzuia hata kupima kitambaa. Walitazamana, wakaelewana kabla ya kusemezana. Mama Liaquat akamkaribisha aje Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, wanywe chai uani.

Ndivyo ilivyoanza. Wa tatu alikuwa Klara, aliyekuwa akipika pombe ya mtama mpaka miguu ilipomkataa. Wa nne alikuwa Mageni, muuza maziwa ya mgando. Baada ya miaka miwili walikuwa tisa. Walikunywa chai ya maziwa na tangawizi, wakaunga mabaki ya vitambaa kuwa mashuka mazito ya vipandevipande, wakafundishana herufi kwa vitabu vya elimu ya watu wazima. Klara aliweka sheria moja tu, kwamba mtu asitaje ugonjwa wake kabla ya kikombe cha pili. Mama Liaquat akawakatia wote vitenge vya rangi moja, kijani yenye maua ya njano. Mtaani wakaitwa Bibi wa Alhamisi, na wapo waliowacheka, eti wanawake wa umri ule wanacheza kitoto. Mimi sikucheka. Mama mkwe alikuwa akirudi nyumbani ana njaa, ana habari, na siku moja akaniambia bila kunitazama usoni kwamba kuanzia kesho mahindi atatwanga yeye.

Katika wote, niliyempenda zaidi ni Mageni. Alikuwa mwembamba, Msukuma wa huko ndani, mjane asiye na mtoto, kwa hiyo wenzake walimwita kwa jina la baba yake, ng'wana Jilala. Ujanani alikuwa mwimbishaji wa kundi lililolima mashamba ya watu kwa ngoma, jembe likipanda na kushuka kwa mapigo. Nyimbo zote alikuwa bado anazo. Akianza moja, Mama Liaquat, ambaye Kisukuma chake kilikuwa cha dukani tu, aliitikia kwa makosa na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Macho ya Mageni yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Ni moshi. Kwao hapana miti. Maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Mwaka 1976 kaka yake alifariki akaacha nyumba na shamba katika kijiji kimoja upande wa Bugarama. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana watoto wa watu wale wapo. Mageni alisema shamba la baba yake haliwezi kubaki pori, akafunga mizigo. Bibi wa Alhamisi wakamsindikiza kituo cha basi, wakarudi wanane.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, mchuuzi wa samaki wakavu aitwaye Bujiku alipita kwetu akamwuliza mama mkwe kama bado anamkumbuka ng'wana Jilala. Bujiku alikuwa amepita kijijini kwake. Alisema kuna kijana mmoja, Mabula, mtoto wake wa miaka mitatu amekufa kwa degedege, na mganga aliyeulizwa amesema mtoto kaliwa na jicho jekundu linalokaa upande wa machweo. Nyumba ya Mageni ndiyo iliyoko upande wa machweo. Tangu siku hiyo hapana mtu anayemsalimia. Akifika kisimani wanawake wanainua ndoo zao na kuondoka. Bujiku akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba katika kijiji cha jirani bibi mmoja alisemwa vivyo hivyo wakati wa kupanda, na haikufika palizi alikutwa amekatwa panga.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Nilimpeleka mama mkwe mimi mwenyewe, nikabaki pale uani nikasikia yote. Aliwaeleza wenzake alivyoelezwa. Klara alipendekeza waende ofisi ya serikali kutoa taarifa. Mwingine akasema watume mtu amlete Mageni mjini mara moja. Wengine walilia. Mama mkwe aliwaacha wamalize, kisha akauliza:

"Hapa nani ana macho meupe?"

Wakatazamana. Klara alikuwa na macho mekundu ya miaka thelathini ya kuchochea moto chini ya mapipa ya pombe. Mama Liaquat alikuwa na yake, yaliyochoshwa na darizi na taa ya chemli. Ya mama mkwe niliyafahamu, mekundu kwa moshi. Ndiyo yaliyomlea mume wangu.

"Basi tukamsalimie mwenzetu," akasema. "Wakitaka kuhesabu macho mekundu, wahesabu yote."

Liaquat alikataa kuwapeleka. Alikuwa mtoto mwema, na hofu yake ilikuwa ya haki. Alisema mambo ya kule hayaendeshwi na wanawake wazee, petroli ni ya shida, na yeye Mhindi akiingia katika ugomvi wa kijiji atarudi vipi kufanya biashara. Mama yake hakubishana naye. Alimwambia kwamba wao watapanda basi mpaka Kahama, na toka pale watatembea, na njiani watu wakiuliza huyu mama wa Kihindi ni mama wa nani, atawajibu. Jumamosi alfajiri gari la duka lilikuwa mlangoni kwetu, Liaquat kwenye usukani. Walikwenda sita, maana wawili hali zao hazikuruhusu. Thobias alinitaka nifuatane nao, nami nikamwachia dada yangu watoto. Tulipakia sukari, majani ya chai, birika kubwa, mikeka na unga. Wote sita walivaa vitenge vya kijani.

Tulipita Tinde kukipambazuka, tukafika jua likiwa limepita utosi, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kwanza walikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kujitambulisha, kama adabu inavyotaka. Balozi aliwatazama, akamtazama yule Mhindi mwenye kitenge kama cha wenzake, akasema karibuni.

Mageni tulimkuta ndani, ameketi karibu na mafiga yasiyo na moto. Hakuinuka. Alitutazama mmoja mmoja kama anayehakikisha kwamba tu wazima, kisha akamwuliza Klara miguu yake inaendeleaje. Klara akamjibu kwamba sheria ni sheria, hawajanywa hata kikombe cha kwanza. Hapo ndipo Mageni alipolia. Alituambia kwamba siku kumi na sita hakusikia jina lake likitajwa na mtu.

Walimwambia afunge virago waondoke naye. Akakataa.

"Nikiondoka nimekubali," alisema. "Na baada yangu watatafuta mwingine."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa taratibu. Akaniambia nishushe mizigo yote, hata ile tuliyokusudia kurudi nayo.

Kesho yake asubuhi walianza kuzunguka. Nilitarajia wangemweka Mageni nyuma. Walimweka katikati. Walipita nyumba kwa nyumba, polepole kwa ajili ya miguu ya Klara, na kila mlangoni walisimama wakasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Sasa fikiri, wewe ni kijana umekaa mlangoni pako, wamesimama wazee saba mbele yako wanakusalimia wao kwanza. Utafanya nini? Vijana waliinuka wakaamkia. Wanawake walipiga magoti kama walivyolelewa. Na huwezi kumwamkia Klara ukamruka Mageni aliyeshikana naye mkono. Wengine walifunga milango walipotuona tunakuja. Hao mama mkwe aliwasalimia kupitia mlangoni, akasubiri, akaendelea na safari.

Nyumba ya Mabula waliiacha ya mwisho. Alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa akinoa panga. Mke wake alikuwa kwenye mkeka, hajafungua kitambaa cha msiba kichwani. Mama mkwe alimpita Mabula, akaketi kwenye mkeka kando ya yule binti, akamshika mkono. Wenzake wakamfuata, na Mageni naye akaketi. Walikaa kama wanavyokaa waombolezaji. Mama Liaquat alizika watoto wawili wadogo katika ujana wake, na alikuwa akilia kweli, si kwa ajili ya kuonwa. Mwishowe yule binti akaegemea bega lake akaanza kulia pia, kilio kikubwa, kama kilikuwa kimezibwa.

Mabula akasimama. Alisema kwa sauti ya kupasuka kwamba huyo mmoja atoke.

Mama mkwe alimwuliza ni yupi. Mabula akamwonyesha Mageni kwa kidevu.

"Njoo unitazame mimi kwanza," mama mkwe akasema. "Sogea. Macho yangu ni ya rangi gani?"

Mabula alisogea hatua moja.

"Nimeyapata nikiwapikia uji watoto wangu sita. Wawili niliwazika, mmoja kwa degedege kama wako, usiku ule ule homa ilipomshika. Sikumpata wa kumlaumu, na ningempata, mwanangu, ningefurahi, maana kulaumu ni kwepesi kuliko kuzika. Mama yako yu hai?"

"Alikufa."

"Alipikia nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Macho yake yalikuwaje?"

Kuku walipita katikati yetu. Mabula alipojibu, nusura nisisikie.

"Mekundu," akasema.

Hakuanguka miguuni pa mtu, wala hakuomba radhi. Alitoka akaenda upande wa mashamba. Lakini panga aliliacha pale lilipokuwa, na mkewe akamwuliza Mageni kama angependa maji ya kunywa.

Tulikaa siku tisa. Liaquat alirudi mjini na kuja kutuchukua. Kila alasiri birika liliwekwa uani kwa Mageni na mlango ukaachwa wazi. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja bibi mmoja wa kijijini, macho yake mabaya kuliko ya Mageni, akaketi karibu na njia ili aweze kuondoka upesi. Siku ya saba walikuwa watano, na Mageni akaimba. Na baada ya kurudi Ngokolo, Bibi wa Alhamisi hawakuacha. Kila mwezi wawili kati yao walipanda basi mpaka Kahama, na toka pale kwa lori lolote lililokubali, wakakaa kwa Mageni wiki nzima. Walifanya hivyo kwa miaka mitatu, hata wakati wa vita vya mwaka 1978, petroli ilipokuwa adimu na Klara ikabidi asafiri juu ya magunia ya pamba.

Sitasema walikimaliza kile kitu. Hawakukimaliza, miaka ile na iliyofuata mabibi wengi wa nchi yetu waliuawa, na habari zao zilifika mpaka Ngokolo. Lakini katika kijiji kile hakuguswa hata mmoja. Wale watano walipata Alhamisi yao wenyewe, wakaongezeka.

Niliwahi kumwuliza mama mkwe kama hakuogopa siku ile mbele ya Mabula. Alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta.

"Niliogopa toka Tinde tukienda mpaka Tinde tukirudi," akasema. "Lakini Mageni alikuwa ameogopa peke yake siku kumi na sita."

Mageni alifariki mwaka 1985, wakati wa masika, kwa homa ya mapafu, kitandani pake, Mama Liaquat na mama mkwe wakiwa wamemshika mikono. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi hata kaburi likawa linabomoka kila likichimbwa. Waliochimba walikuwa wanne, na aliyekaa ndani ya shimo muda mrefu kuliko wote, akitoa tope kwa ndoo, alikuwa Mabula.