Baba Mkwe Amenuna

Daktari alikwenda kwenye semina kwa sababu moja tu: leseni haihuishwi bila alama za mafunzo. Akachagua kiti cha nyuma, apate kulala kwa amani.

Nyumbani amani haikuwapo. Baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa mcheshi kupindukia. Sasa Daktari akimtembelea na kumwaga vichekesho vyake vyote, mzee anamkodolea macho tu, kama mtu aliyeuziwa kitambaa kibovu. "Umemfanya nini baba yangu?" mkewe alimuuliza. Maskini, hakuwa amefanya lolote, ila alishaanza kutubu kila alichokumbuka.

Mbele huko mkufunzi alikuwa akisema, "Ugonjwa wa Parkinson si kutetemeka tu. Wengine huanza kwa bega kukakamaa, na mkono mmoja hauchezi wakitembea. Hata uso hukauka, watu wa nyumbani wakadhani mgonjwa amenuna."

Usingizi ukamruka. Bega la mzee yeye mwenyewe ndiye aliyelitibu kwa dawa ya kuchua, huku akiilaumu cherehani. Furaha ikampanda: kumbe hachukiwi. Papo hapo aibu ikamshika, maana ni daktari gani huyo anayefurahia ugonjwa wa mkwewe? Akatoka mbio kabla ya chai, jambo ambalo wenzake hawakuwahi kuliona.

"Hujasaini, alama zako zitapotea," mkufunzi akamwita.

"Zipotee."

Alimkuta mzee sebuleni. Akamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Mkono mmoja ulicheza, wa pili ukaning'inia tu. Akamwambia agonganishe kidole na gumba. Vidole vikaanza vizuri, vikapunguza mwendo, vikakwama.

"Baba, nisamehe. Nilidhani ni bega tu. Tena nilidhani umeninunia."

"Nikununie kwa lipi?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo.

"Hucheki tena, baba."

"Nacheka. Kila ukija nacheka. Nikasema moyoni, mkwe wangu ni daktari, ataona."

Daktari alitamani ardhi ipasuke. Akamweleza kwamba kesho atampeleka kwa bingwa, na kwamba dawa zipo, haziponyi lakini husaidia. Kisha, kwa kukosa la kufanya, akaushika ule mkono mgumu na kumsimulia kichekesho kipya. Uso wa mzee haukutikisika hata kidogo.

"Umecheka, baba?"

Mzee akafikiri.

"Hicho hapana."