Namba Saba Kijijini Zarechye

Siku ya kura wanawake wa Zarechye walivaa shali za sikukuu, na Ustinya alikuwa macho tangu alfajiri. Mfalme wa Urusi alikuwa ameng'olewa mwaka uleule wa 1917, na sasa mwanamke naye ana kura. Yake mwenyewe? Thubutu! Wanaume wenye kaya walishakaa kikao na kuamua kwa sauti moja, kama wanavyoamua siku ya kukata majani: kijiji kizima kipigie kura namba tatu, chama cha wakulima, kitakachowagawia mashamba ya bwana mwenye ardhi.

Mkuu wa kijiji, mzee Yefim, alisimama mlangoni pa shule, palipopigiwa kura, na mkewe Agafya. "Ikitoka namba nyingine, nitajua ni ya nani," alisema. "Na tukigawana ardhi upya, mwenyewe atalima theluji. Unanisikia, mke wa Prokhor?"

"Nakusikia, baba," alijibu Ustinya. " Masikio sikugawiwa na wewe."

Wanawake wakacheka. Lakini Ustinya aligeuka akatazama upande wa shamba lake. Kakipande kale ka ardhi ndiko kalikolisha wanawe. Ila namba saba, chama cha Wabolsheviki, kilisema vita na Wajerumani viishe mara moja, na mumewe Prokhor alikuwa handakini majira ya baridi ya tatu sasa. Ardhi aliitaka, nani asiyeitaka? Lakini zaidi ya ardhi alimtaka Prokhor, mzima, na miguu yake yote miwili.

Nyuma ya pazia alitia karatasi ya namba saba kwenye bahasha. Akajifanyia ishara ya msalaba mbele ya sanduku la kura, kama kila mtu, akaidumbukiza.

Jioni mwalimu wa shule alizisoma kura kwa sauti. Tatu. Tatu. Tatu. Saba.

Yefim akamkazia macho Ustinya. "Si nilisema?"

Mwalimu akaendelea: tatu, saba, saba, saba tena. Watu wakaanza kusukumana waone. Idadi ya saba ikawapita wake wote wa askari kijijini, na Yefim, aliyekuwa akiwahesabu kwa vidole, akaishiwa majina.

"Hizi nyingine za nani?" aliuliza.

"Moja yangu," alisema Agafya, akikaza shali. "Mwanetu Mitya yuko kulekule vitani, au umesahau? Haya, ninyang'anye ardhi. Uanzie na jiko, leo ujipikie."

Shule nzima iliangua kicheko, na Ustinya akacheka mpaka machozi yakamtoka. Namba tatu ilikuwa inashinda bado, tena kwa mbali. Yefim alivua kofia, akakaa kwenye dawati la watoto.

"Soma, mwalimu," alisema. "Soma zote."